Fumbo la Kaizari Lifundishwe Ivuna

Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe kutoka angani lilianguka Ivuna, mahali ambapo leo ni katika Mkoa wa Songwe. Jina la Ivuna likaenea katika vitabu vya sayansi duniani, lakini waliolichunguza jiwe hilo walikuwa, kwa sehemu kubwa, wataalamu wa ng'ambo. Kitu kilikuwa chetu, maarifa yake yakawa ya wengine.

Ndivyo ilivyo kwa kompyuta. Maofisini na shuleni twaandikia barua na kujumlishia alama, lakini siri za wananchi zilizomo tumeziachia programu tusizozielewa. Hatuna budi kuanza kuelewa, na pa kuanzia ni fumbo kongwe la Juliasi Kaizari, yule ambaye tamthilia ya Shakespeare juu yake ilitafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1963.

Kaizari alisogeza kila herufi nafasi tatu mbele. Mwanafunzi wa Ivuna atazipa herufi 26, A hadi Z, namba kuanzia 0 hadi 25. Kisha ataiagiza kompyuta ichukue namba ya kila herufi, iongeze 3, na jumla ikifika 26 au kuzidi, ipunguze 26. Halafu iandike herufi ya namba iliyopatikana. I huwa L, V huwa Y, na IVUNA husomeka LYXQD. Z huzunguka ikawa C. Mpokeaji aujuaye ufunguo, yaani 3, hutoa badala ya kujumlisha. Programu yake ni mistari michache tu, na pasipo umeme kazi yaweza kuanzia kwenye karatasi.

Lakini mwalimu asiishie hapo. Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Funguo zote ni 25 tu, na kompyuta huzijaribu kufumba na kufumbua. Tena Kiswahili chenyewe huitoa siri: A ndiyo herufi inayorudiwa mno katika maandishi yetu, basi herufi inayotawala katika fumbo refu yaelekea kuwa ndiyo A. Mwanafunzi aliyelifunga fumbo na alivunje mwenyewe, apate kujua kwamba si kila kilichofichwa kiko salama.

Somo hili lawahusu watumishi wa umma pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imewatwika dhamana ya habari za watu. Mtumishi anayebandika neno la siri ukutani, au anayelifanya jina la shule yake kuwa neno la siri, ameigeuza sheria hiyo karatasi tupu.

Taifa lisilo na vijana wa kuunda mafumbo na kuyavunja litaendelea kununua kufuli za wengine, bila kujua ni nani mwingine aliye na ufunguo. Huko si kujitegemea. Walimu wa Songwe, chaki mnazo: anzeni.