Barabara ni ya wote: tuache badada wapite



Kila siku tunadai Leta iheshimu raia. Tunakataa soda wa bariera anayesimamisha mtu bila sababu, juu tu iko na bunduki. Basi tujiulize: kijana wa Goma, Beni ao Lubumbashi anayekaa kwenye parkingi ya moto, anaita binti «psst, sheri, kuya hapa», na asipojibiwa anamutukana, anatofautiana wapi na yule soda? Wote wawili wanasema neno moja: hapa mimi njo mukubwa, hautapita mpaka nitake.

Kuko wanaosema: «Ni mchezo tu, tunamusifu.» Siye tunakataa. Binti yule yule akipita na kaka yake ao baba yake, vinywa vyote vinafungwa. Kama ni sifa, mbona inaogopa mwanaume mwengine? Hiyo haiko sifa. Ni kuonyesha nguvu kwa mwenye kuonekana hana wa kumutetea.

Na matokeo tunayaona. Mwanafunzi anazunguka njia ndefu. Mama muuzaji anafunga meza mbele ya giza. Badada wanatoka mkutanoni mapema, kisha watu wanashangaa kwa nini wanamuke ni wachache kwenye mapambano.

Sheria iko. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2006 kinaagiza Leta ipiganishe ukatili dhidi ya mwanamuke, nyumbani na hadharani. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inaazibu anayesumbua mtu kwa maneno ao ishara akitafuta kulala naye: kifungo cha mwaka 1 mpaka 12. Lakini inataka awe amerudilia, na aliyeumizwa alete mashitaka. Anayetupa tusi na kupotea ndani ya watu, ni vigumu tribinali imushike.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yetu, palepale njiani. Rafiki yako akichokoza binti, usicheke: kicheko chako njo kinamupa nguvu. Mwambie: «Muache apite.» Mashirika ya motari iko na kanuni zao, waongeze na hii: mwenye kutukana mwanamuke, parkingi imuazibu.

Tunaomba Kinshasa isikie sauti yetu. Tuanze na avenue yetu: binti akisema hapana, tusikie.