Zakayo Alishuka. Halafu?

Juni 2024 sote tulikuwa na kelele moja: Zakayo shuka. Hata wasee ambao hawajawahi kukanyaga sandei skuli walijua ni nani huyo na anashuka mti gani. Rais Ruto alibandikwa jina hilo kwa sababu ya ushuru. Tarehe 25 watu wakaingia Bungeni, kesho yake akasema hatatia sahihi Mswada wa Fedha, na jina likabaki. Sawa. Lakini kuna kitu kinanisumbua tangu siku hizo: hiyo hadithi tuliisoma nusu.

Fungua Luka 19 uisome polepole. Kushuka mtini ndiyo sehemu rahisi. Zakayo anashuka, anampeleka Yesu kwake, watu wananung'unika nje. Halafu anasimama mwenyewe, bila kuulizwa, anasema nusu ya mali yake ni ya maskini, na yeyote aliyemnyang'anya kitu atamrudishia mara nne. Ni baada ya hapo ndipo Yesu anatangaza kwamba wokovu umeingia nyumba ile. Hakutangaza alipopanda mti, wala aliposhuka, wala alipokaribisha mgeni.

Sisemi Zakayo alinunua wokovu kwa hiyo mara nne. Yesu alijialika kwake kabla hajatoa hata ndururu. Neema ilitangulia. Ninachosema ni kwamba ilipofika, haikuishia mdomoni. Ilifika mfukoni.

Sasa linganisha na mkutano wa injili sokoni, hapa Kanja au popote. Spika kubwa, kinanda, jua linazama. Inua mkono, funga macho, rudia maneno haya baada yangu. Dakika moja, umeokoka, makofi, jina lako linaandikwa kwenye daftari. Sichezei hiyo kitu. Kuna watu waliacha pombe kabisa kuanzia jioni kama hiyo. Lakini wengine wengi tunaambiwa kazi imeisha pale pale, na Jumatatu tunarudi kwa maisha tukiwa na tiketi ya mbinguni na tabia zile zile.

Sensa ya 2019 ilisema zaidi ya Wakenya 85 kwa kila 100 ni Wakristo. Basi hao wanaoiba dawa za hospitali, wanaokula pesa za basari, wanaouza ardhi moja kwa watu watatu, ni akina nani? Hawajatoka sayari nyingine. Wengi wana kiti chao kanisani.

Na tusiongee tu juu ya wakubwa. Umetumiwa 3,000 kwa M-Pesa na mtu humjui. Kakosea namba moja ya mwisho. Simu inalia, ni mama fulani wa mbali, sauti inatetemeka, anasema ni ya dawa. Unajua vile watu hufanya. Simu inazimwa, msee anakimbia kwa ajenti kutoa kabla haijarudishwa. Na kwa wasifu wake wa WhatsApp kumeandikwa “Mtoto wa Mungu”. Mimi nauliza tu: huyo ameokolewa kutoka nini?

Kuna watu huku kwetu walishawahi kulijibu hilo swali kwa matendo, na vijana wengi hatuwajui. Mwaka 1929 pale Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi alikutana na daktari mmisionari Joe Church, ambaye kazi yake ilikuwa Gahini, Rwanda. Urafiki wao ulisaidia kuwasha ule uamsho uliosambaa Afrika Mashariki yote. Uganda wakaitwa Balokole, maana yake waliookoka. Mwaka 1937 timu ya Church ilifika Kabete, na kutoka hapo ujumbe ukapanda mlima mpaka huku, kwenye makanisa yaliyotokana na misheni kama Kigari, ambako CMS walikuwa wamefika tangu 1910.

Sifa yao moja kubwa ilikuwa kurudisha. Mtu akiokoka, alienda kwa aliyemuibia. Alibeba jembe la jirani, alibeba pesa, alibeba sahani alizochukua jikoni kwa mwajiri mzungu, anasema mimi ndiye niliyechukua. Alilipa madeni ya zamani. Halafu kila wiki walikutana na kuambiana ukweli, dhambi kwa jina lake. Walikuwa na neno la hiyo: kutembea nuruni. Ukiwa na shosho aliyekua kwenye ushirika huo, muulize. Atakuambia ilikuwa aibu tupu, na watu walilia.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wakakataa pia bunduki ya serikali. Pande zote mbili ziliwaona wasaliti, na wengine waliuawa. Mimi ni mtoto wa mlima huu, Mau Mau ni mashujaa wangu, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba walichagua sawa. Lakini hakuna mtu anayefia kitu alichorudia baada ya mhubiri kwa dakika moja.

Najua utaniletea yule mwizi msalabani. Kila nikiongea hii story, mtu lazima amlete. Hakubatizwa, hakurudisha kitu, hakuhudhuria hata ibada moja, na bado aliahidiwa paradiso. Ni kweli, na ninashukuru ipo kwa Biblia. Ila msome tena. Alikuwa amebakisha masaa, mikono imepigiliwa, kilichobaki ni mdomo tu. Na kwa huo mdomo alimkemea mwenzake, akakubali kwamba adhabu yake ni ya haki, akamtetea mtu asiye na hatia wakati kila mtu anamcheka. Alitumia kila alichokuwa nacho. Wewe una miguu, una simu na una miaka labda 50 mbele yako. Mbona unajilinganisha na mtu aliyepigiliwa misumari?

Na kama ni Waefeso 2, usiishie mstari wa 9. Ndiyo, ni kwa neema, si kwa matendo. Mstari wa 10 unafuata hapo hapo, na unasema tuliumbwa kwa ajili ya matendo mema. Ni mstari mmoja tu chini, lakini mahubiri mengi huishiwa na pumzi kabla ya kuufikia.

Hata Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Imani, amini, mwaminifu, amana: maneno haya ni ya ukoo mmoja. Amana ni kitu ulichoachiwa ukitunze, na mwaminifu ni mtu unayeweza kumwachia. Sasa utasemaje una imani, na hakuna mtu hapa stejini anayeweza kukuachia helmeti yake?

Lakini kuna upande mwingine wa hii maneno, na unaniogopesha kuliko huo wa kwanza. Shakahola. Mwaka 2023 tulitazama kwenye runinga miili ikifukuliwa msituni Kilifi, ikapita 400, wafuasi wa Paul Mackenzie waliofunga kula mpaka kufa. Utii walikuwa nao. Utii mwingi kuliko mimi na wewe. Kwa hiyo mtu akikuambia wokovu unataka utii, swali lako la kwanza liwe: utii kwa nani, na nani anafaidika? Zakayo alipotii, walionufaika ni maskini wa Yeriko na watu aliokuwa amewanyonya. Ukiona utii wako unamnenepesha mchungaji, au unakutenga na mama yako, au unakukataza kuuliza, toka hapo mbio. Huo si ufuasi. Umekamatwa.

Kurudisha kunawezekana hata leo, hata kwa taasisi. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango ambao Rais alitoa katika kanisa la Soweto, Kayole, urudishwe. Sababu yao ilikuwa kutotaka kanisa litumike kisiasa, na watu walibishana wiki nzima, maana pesa ni pesa na nyumba ya padri inajengwa kwa mawe, haijengwi kwa msimamo. Ila kwa mara ya kwanza tangu nipate akili, nilisikia kanisa likisema pesa iende lilikotoka.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaopanga mkutano ujao hapa Kanja. Karibu na jukwaa, pale mnapoandika majina ya waliookoka, ongezeni safu ya pili kwenye daftari: nani unamdai msamaha, na nani anakudai nini. Wiki ijayo, mzee mmoja wa kanisa awasindikize, wawili wawili, mpaka kwa hao watu. Najua foleni itapungua. Mchungaji yeyote wa huku akitaka kujaribu, meza nitabeba mimi.