Usimkataze Tu Korongo, Nenda Naye

Mtoto wa miaka 11 alirudi nyumbani Horohoro jua likitua, miguu imejaa masizi. Mama yake akashika fimbo. Babu akamzuia: "Binti yangu, muulize kwanza alikotoka."

Alitoka korongoni. Yeye na wenzake wawili walifuata njia iliyozibwa na majani, wakatokea kwenye pori lililoungua.

"Kwa nini hukuaga?"

"Ungenikataza, mama."

Kesho yake asubuhi wote watatu walikwenda huko. Babu alikuwa na panga, mama alibeba dumu la maji.

Njiani babu alieleza kwamba si kila njia iliyoachwa ni salama. Nyingine ni za enzi za mkonge. Hata Jasini, upande wa bahari, ambako Wajerumani na Waingereza walipigana Januari 1915, palikuwa na shamba la mkonge. Nyingine ni njia za panya, zinazokwepa kituo cha mpakani. Mtoto akizifuata anaweza kujikuta upande wa Lunga Lunga bila kujua, au akakutana na wapitisha magendo wasiotaka kuonekana.

Walipofika penye majivu, babu aligusa shina la mti. "Mjukuu wangu, ona weusi ulivyopanda juu upande huu. Mara nyingi huko ndiko upepo ulikokuwa unaelekea." Moto wa namna hiyo huanza na mtu anayesafisha shamba, au mwenge wa mrina asali ulioachwa ukifuka. Wakati wa kaskazi nyasi zimekauka, na upepo humalizia kazi.

Mtoto akauliza angefanya nini kama moto ungewakuta. Babu akamjibu: usishindane nao mbio kupanda mlima, wala usijifiche kwenye nyasi ndefu. Tafuta mahali palipokwisha kuungua na kupoa, au mchanga mtupu. Lakini usikae korongoni wingu likitanda juu, kwa maji ya mvua ya mbali huja ghafla hata kama hapo jua linawaka.

Mama alikuwa kimya. Miaka yote alikuwa akisema "usiende huko", na mtoto alikuwa akienda, ila kwa siri. Siku ambayo moto ungewaka, nyumbani pasingekuwa na mtu anayejua pa kumtafuta.

Mzazi, kabla likizo haijaanza, tembea na mtoto mahali anapopapenda, pamoja na mzee anayepafahamu. Mkubaliane mambo manne: asiende peke yake, aage na kutaja njia, asibebe kiberiti, na akiona moshi ageuke na kumwambia mtu mzima.

Fimbo ilirudi nyuma ya mlango. Jumamosi iliyofuata mtoto alisimama mlangoni akasema, "Mama, tunakwenda korongoni, tunapita kwa mbuyu." Akaambiwa arudi kabla ya adhuhuri, na akarudi.