Rika moja, kimo mbalimbali

Ukiona mikizi wawili wachanga kapuni, mmoja kama kidole na mwenzake kama kiganja, usiharakishe kusema huyu ni mdogo wa yule. Huenda walianguliwa siku moja.

Chukua ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, inayopokea maji ya mito Kidogoweni na Mkurumuji. Mvua ikinyesha, maji yaliyo karibu na mito hupungua chumvi kuliko yale ya upande wa bahari. Samaki mchanga hutumia nguvu kusawazisha chumvi mwilini, nguvu ambazo zingemkuza. Joto na chakula pia hutofautiana pahali na pahali.

Umri wake hujulikanaje? Kichwani mwa samaki mna vijiwe vya masikio. Mnamo 1971, mtaalamu Giorgio Pannella alieleza kwamba vijiwe hivyo huongezeka duara moja kila siku. Duara pana, kwa kawaida, ni dalili ya kukua vyema.

Basi anayekata mikoko akisema mingine ingalipo, muulize: je, hiyo iliyobaki inalea sawasawa na aliyoikata? Samaki anayechelewa kukua huliwa upesi na wakubwa, na kitoweo chetu hupungua.