Cheche Iliyopotea Katika Trekta Kuukuu

Huko Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, trekta hufanya kazi kwa majira. Mvua huanza karibu na Desemba na kwisha mwezi wa Aprili au Mei. Baada ya hapo trekta la kulimia aghalabu husimama bandani, na upepo wa bahari wenye unyevu na chumvi hulifuata huko huko. Mvua za kwanza zinaporudi, mwenye trekta kuukuu la petroli huzungusha hendeli mpaka jasho likamtiririka, na injini isingurume. Ndipo ununuzi unapoanza: leo plagi, kesho koili, keshokutwa betri. Pengine injini huwaka hatimaye, lakini hakuna ajuaye ni kipi kilichoiponya, na siku za kupanda zimekwisha kupita.

Watu wengi huliona jambo hili kuwa la gereji. Kwa hakika ni la darasa la fizikia, na shule zimekosea kuliachia gereji peke yake.

Mwaka 1831 Michael Faraday alizungushia pete ya chuma nyaya mbili. Mmoja aliuunga na betri, wa pili na chombo cha kuonyeshea umeme. Umeme ulipopita sawasawa katika waya wa kwanza, mshale wa chombo ulitulia. Ulicheza pale tu alipounga au alipokata. Kila mwanafunzi wa sekondari huandika habari hiyo daftarini. Wachache huambiwa kwamba koili ya trekta ni ndugu wa pete ile: waya mnene wa mizunguko mia kadhaa na waya mwembamba wa mizunguko maelfu, yote juu ya kiini kimoja cha chuma. Betri ya volti 6 au 12 hupitisha umeme katika waya mnene kupitia ndimi mbili za chuma ambazo mafundi huziita pointi. Mhimili wa distributa unapoziachanisha, umeme hukatika, usumaku huporomoka, na katika waya mwembamba huzaliwa volti zaidi ya 10,000, zitoshazo kuruka pengo la plagi. Kondensa, ambayo ni kapasita ya vitabuni, huufanya mkato huo uwe wa ghafla. Ikiharibika, pointi huungua na cheche hudhoofika.

Kwa hiyo injini isiyowaka yapaswa kuulizwa maswali kwa utaratibu. Gia itolewe kwanza na breki ifungwe, na petroli iliyomwagika ifutwe. (Azungushaye hendeli aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kwa maana injini hupiga teke.) Waya mmoja wa plagi hung'olewa, na ncha yake, ikishikwa kwa koleo lenye mpini usiopitisha umeme, huwekwa milimita 5 hivi kutoka kwenye chuma cha injini. Swichi ikiwa imewashwa na injini ikizungushwa, cheche ya buluu yenye mlio mkali huonyesha kwamba mfumo ni mzima hadi hapo. Kosa litafutwe kwenye plagi zenyewe, mafuta au majira ya cheche. Ikiwa hakuna cheche kwenye plagi, lakini ipo kwenye waya mnene utokao koili, hitilafu imo katika kifuniko cha distributa, rota au nyaya za plagi.

Ikikosekana hata kwenye koili, taa ndogo ya betri hutosha kuendeleza uchunguzi. Huungwa kati ya chuma cha trekta na ncha ya koili iendayo kwenye distributa, kisha injini ikazungushwa taratibu. Taa ikiwaka na kuzima, pointi zinafanya kazi yake. Ikiwaka bila kuzima, pointi hazikutani. Isipowaka kabisa, umeme haufiki, au unavuja kwenda kwenye chuma, pengine kupitia kondensa. Trekta la magneto, lisilotegemea betri, huhitaji njia nyingine kidogo.

Sehemu ya pili ndiyo yenye mafunzo zaidi kwa watu wa pwani. Pointi zilizosimama miezi sita hupata utando mwembamba, usioonekana vizuri kwa macho. Pengo lake ni kati ya robo na nusu ya milimita, na mwenye haraka hulisingizia pengo. Kumbe volti 12 zimeshindwa kupenya utando ule, na kwa sababu hiyo volti 10,000 hazikuzaliwa. Kipande cha msasa laini, kisha kitambaa safi, huweza kufanya kazi ambayo koili mpya haikuweza. Nako kwenye kifuniko, vumbi na unyevu wa chumvi hufungua njia ya mkato. Cheche huipita njia hiyo, huichoma, na kuacha mstari wa masizi. Mstari huo hupitisha umeme hata kifuniko kikikauka.

Mkoa huu una kumbukumbu yake ya mashine zilizotangulia ujuzi. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengine yakiwa masalio ya vita. Mafundi na vipuri havikutosha. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, ardhi na mvua zikiwamo, na si haki kuutwika ubovu wa mitambo lawama zote.

Pana watakaosema kwamba matrekta ya siku hizi ni ya dizeli, ambayo huwasha mafuta kwa joto la mgandamizo bila cheche. Ni kweli. Lakini katika mikorosho ya Naliendele, dawa ya salfa ya kuzuia ubwiri unga hupulizwa kwa mashine ndogo za petroli, alfajiri, umande ungalipo na upepo haujaamka. Mashine hizo zina plagi, na ua la mkorosho halimngoji mtu atafutaye duka la vipuri.

Shule yenye injini moja kuukuu, betri na taa ndogo yaweza kuanza muhula huu. Mwalimu aifiche hitilafu kabla ya kipindi: kipande cha karatasi kati ya pointi, waya wa kondensa uliolegezwa, au mstari wa penseli uliochorwa ndani ya kifuniko cha distributa, kwani risasi ya penseli ni kaboni kama masizi. Kila kundi liandike lilichopima na lilichokikataa, hatua kwa hatua, na alama zitolewe kwa maandishi hayo hata kama injini haikuwaka.