UCHAMBUZI: Pazia la mtumba na hesabu ya kilo mpakani Ruhwa

RUHWA, Rusizi – Katika nyumba nyingi za kipato cha chini ukanda wa Maziwa Makuu, sebule hupambwa kwa vitu vilivyokwisha kutumika kwingine. Pazia zito la mtumba, shuka la maua lililokatwa likatoa foronya nne, blanketi lililogeuzwa tandiko la kochi, kioo chenye fremu kuukuu iliyopakwa rangi upya. Mwenye nyumba hupata unafuu na mshonaji hupata kazi. Mtu wa forodha naye hupata mzigo wa kuweka kwenye mizani, na hapo ndipo hesabu ya unafuu huo inapobadilika.

Ruhwa ni mahali pazuri pa kuiangalia hesabu hiyo. Mto wenye jina hilo (upande wa Burundi huandikwa Luhwa) unatenganisha tambarare ya Bugarama, wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, na eneo la Cibitoke nchini Burundi. Bugarama ni nchi ya mpunga na ya kiwanda cha saruji cha CIMERWA. Si mbali na hapo, ng'ambo ya mto Rusizi, kuna Kamanyola ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi tatu zimekaribiana kiasi kwamba tofauti ndogo ya kodi kati yao inatosha kumfanya mtu avae viatu na kuondoka nyumbani.

Wanyarwanda huuita mtumba caguwa, neno lililotoka kwenye Kiswahili "chagua". Jina hilo linaeleza biashara yenyewe: robota linafunguliwa, watu wanainama, kila mmoja anachagua. Nairobi, kwenye masoko kama Gikomba, vitu bora vya kwanza huitwa kamera na mabaki huitwa fagia. Anayetafuta vitu vya kupamba nyumba ana bahati moja ambayo mnunuzi wa nguo hana. Shati lenye doa kifuani limekwisha kazi, lakini pazia lenye doa chini hukatwa, na sehemu iliyobaki ikatoa mito miwili.

Mamlaka za forodha hazimtofautishi mnunuzi huyo na yule wa mashati. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, mtumba umewekwa chini ya namba 6309. Wengi hudhani namba hiyo ni ya nguo za kuvaa peke yake. Sivyo. Ndani yake wamo pia blanketi, mashuka, vitambaa vya meza, taulo na mapazia, ilimradi vionekane wazi kuwa vimetumika na viwe vimeletwa kwa wingi bila kupangwa, au ndani ya marobota, magunia na vifungashio vya aina hiyo. Mazulia hayamo. Zulia kuukuu lina sura yake nyingine katika kitabu cha ushuru, kama ilivyo kwa vioo, sahani za udongo, fremu za picha na viti.

Tofauti hiyo ina uzito wa pesa. Zulia, kioo na kiti hutozwa asilimia ya thamani. Mtumba wa 6309, katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, umekuwa ukitozwa asilimia 35 ya thamani au kiasi fulani cha dola kwa kila kilo, kile kitakachokuwa kikubwa. Kwa miaka mingi kiasi hicho kilikuwa dola 0.20 kwa kilo. Julai 2016 Rwanda ilikipandisha kwa upande wake hadi dola 2.50.

Tuchukue mfano. Robota la kawaida lina kilo 45. Kwa senti 20 ushuru wake kwa kilo ulikuwa dola 9. Kwa dola 2.50 ukawa dola 112.50, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Sasa tugawe ndani ya robota. Shati la gramu 250 linabeba kama senti 62 za ushuru, kiasi ambacho mchuuzi anaweza kukificha ndani ya bei. Jozi ya mapazia mazito ya kilo tatu inabeba dola 7.50. Blanketi la kilo mbili linabeba dola 5. Ushuru wa kilo humuumiza zaidi anayenunua kitu kizito chenye bei ndogo, na pazia la mtumba ndilo kitu hicho hasa.

Liweke pazia hilo karibu na jipya la poliesta kutoka China. Tuseme jozi mpya ina thamani ya dola 8 inapofika forodhani. Hata ikitozwa asilimia 35, kiwango cha juu cha ushuru wa pamoja kilichoanza Julai 2022, inalipa dola 2.80. Jozi kuukuu ya pamba nzito, ambayo mchuuzi aliinunua kwa bei ya chini zaidi, inalipa 7.50. Mwanafunzi yeyote wa uchumi ataona kwamba ushuru wa namna hii hauwasukumi wanunuzi kwenda kwa mshonaji wa Rusizi. Unawasukuma kwenda kwenye duka la poliesta.

Ikumbukwe kwamba lengo la awali lilikuwa tofauti. Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya walikutana Arusha na kukubaliana kuondoa mtumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya ndani vipate nafasi. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi kama SMART, kililalamika kwa serikali yao, na suala hilo likaunganishwa na mpango wa AGOA uliokuwa ukiruhusu bidhaa za Afrika kuingia soko la Marekani bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda haikurudi nyuma, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya AGOA kwa mavazi yake. Burundi ilikuwa imekwisha kuondolewa kwenye mpango huo tangu Januari 2016 kwa sababu za kisiasa.

Hoja ya Rwanda kuhusu mavazi ina nguvu yake. Nchi haiwezi kujenga kiwanda cha mashati huku ikishindana na shati ambalo mwenyewe alilitoa bure. Lakini katika mjadala wote ule, mapazia na mashuka hayakuzungumziwa sana. Yaliingia kwenye kodi kwa sababu ya namba ya forodha, kama abiria aliyepanda basi lisilo lake.

Matokeo yake kwa mpaka kama wa Rusizi hayakushangaza. Majirani walipobaki na viwango vya chini, kila robota lililovuka kwa siri lilikuwa na faida ya dola mia moja hivi kabla hata ya kufunguliwa. Polisi ya Rwanda imetangaza mara kwa mara kukamata caguwa ya magendo, hasa Rubavu na Rusizi. Adhabu si ndogo. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kifungu cha 199, inaruhusu kutaifishwa kwa mzigo na faini ya hadi dola 5,000 kwa dereva. Mara nyingi anayekamatwa ni mbebaji, mtu aliyelipwa ujira mdogo kuvusha mzigo usiku. Mwenye mzigo yuko nyumbani.

Kisha kuna suala la mpaka wenyewe. Ruhwa ilijengewa kituo cha pamoja ili maofisa wa nchi zote mbili wamalize kazi mahali pamoja na msafiri asipange foleni mara mbili. Rwanda na Burundi ziliingia kwenye Jumuiya Julai 2007 na kuanza kutumia umoja wa forodha Julai 2009, na matumaini yalikuwa makubwa. Hata hivyo, uhusiano uliharibika baada ya mgogoro wa Burundi wa 2015. Mwaka 2016 Burundi ilizuia mazao ya chakula kupelekwa Rwanda, kisha ikaja korona. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 2022, na tarehe 11 Januari 2024 Burundi ikatangaza kuufunga upya, baada ya shambulio la Vugizo la Desemba 2023 ambalo iliwalaumu waasi wa RED-Tabara na kuishutumu Rwanda kuwasaidia. Rwanda ilikanusha. Mwaka 2025 ulikuta bado umefungwa. Upande wa Kongo nao, Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na njia za wachuuzi zikabadilika tena.

Mchuuzi mdogo hana ghala la kungojea siasa itulie. Mtaji wake uko kwenye gunia moja. Kwa hiyo swali la maana kwake, mpaka unapokuwa wazi, ni njia ipi ya halali inampa nafuu.

Njia ya kwanza ni ya msafiri anayepeleka vitu nyumbani kwake. Sheria za Jumuiya humruhusu mkazi anayerejea kuingiza vitu visivyo vya biashara vyenye thamani isiyozidi kiwango kilichowekwa bila ushuru, iwapo amekuwa nje ya nchi kwa zaidi ya saa 24. Kwa abiria wa ndege sharti hilo si tatizo. Kwa mtu wa Ruhwa anayevuka asubuhi na kurudi saa kumi jioni, nafuu hiyo ni ya kwenye karatasi tu.

Njia ya pili ni cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotolewa mpakani kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Tatizo ni kwamba cheti hiki ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Pazia lililotoka Ulaya halipati uraia wa Afrika Mashariki kwa kuvuka Gikomba. Wala kulifua na kulipiga pasi hakutoshi, kwa kuwa kanuni za asili huzihesabu kazi hizo, pamoja na kupaka rangi kwa njia rahisi, kuwa ni kazi ndogo mno. Fundi aliyekikwangua kiti kuukuu na kukipaka varnishi hawezi kukiita bidhaa yake mbele ya forodha, hata kama amekitolea jasho wiki nzima.

Kukata na kushona ni jambo jingine. Kanuni za Jumuiya za mwaka 2015 zinakubali, kama kipimo cha jumla, bidhaa ambayo vifaa vyake vya kutoka nje havizidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani, ingawa bidhaa nyingine zina masharti yake maalumu kwenye jedwali. Tuseme mshonaji anauza foronya faranga 2,000. Kitambaa cha pazia kuukuu kimemgharimu 700, zipu na uzi wa kutoka nje 400. Jumla ni 1,100, sawa na asilimia 55. Kwa kipimo hicho amefaulu. Anachokosa ni risiti. Kitambaa alikichagua chini sokoni kwa mtu asiyetoa risiti, na ofisa wa forodha hawezi kuhesabu asilimia ya kitu kisicho na karatasi. Daftari la manunuzi, hata la shule, lingeanza kumsaidia.

Kwa upande wa watunga sera, marekebisho si makubwa. Tarakimu sita za mwanzo za namba ya bidhaa ni za dunia nzima, lakini mbili zinazofuata ni za Jumuiya yenyewe. Inawezekana kabisa kuyatenga mapazia, mashuka na blanketi na mavazi ndani ya 6309, kisha kuyatoza kwa thamani badala ya kilo. Kiwanda cha mashati kingebaki na kinga yake. Jozi ya mapazia yenye thamani ya dola 3 ingelipa dola 1.05 badala ya 7.50, na faida ya kuivusha usiku ingepungua kiasi kwamba mbebaji angekosa wa kumwajiri.