Vuli yetu si ya majani mekundu

Mwaka jana, katika juma la pili la mwezi wa Oktoba, binti yangu ambaye wakati huo alikuwa katika darasa la PP2 alirudi nyumbani na karatasi iliyochapishwa picha ya jani kubwa lenye ncha nyingi, lile lile lililomo katika bendera ya Kanada. Alikuwa ameagizwa alipake rangi nyekundu, ya manjano na ya chungwa, alikate kwa makasi, kisha alibandike juu ya kipande cha manila. Chini ya jani paliandikwa neno moja la Kiingereza, jina la majira yale ambayo miti ya nchi za baridi hupukutisha majani yake. Akaniuliza, "Baba, majira haya yako wapi?" Nami, mtu ninayelipwa mshahara kwa kuwafundisha wengine maana za maneno, nikajibu bila kufikiri, "Hiyo ndiyo vuli, mwanangu." Kaka yake, aliyekuwa Gredi ya 5, akainua kichwa kutoka kitabuni akasema, "Vuli ni mvua, Baba."

Kijana alisema kweli. Vuli ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, mvua ambazo mkulima wa mashariki mwa nchi hii huzitegemea kuliko hata zile za masika. Ni wakati wa kupanda, wakati wa majani kuchipuka. Watafsiri wetu walipokosa neno la majira ya Ulaya yanayoangukia miezi hiyo hiyo, walilitwaa vuli wakalitwika mzigo usiokuwa wake, na leo neno moja linabeba maana mbili zinazopingana: huku majani yanachipuka, kule yanaanguka. Baadhi yao husema majira ya mapukutiko, na kwa maoni yangu hao wametenda haki zaidi. Watu wa pwani nao wana demani yao, kipindi cha upepo mwanana baina ya kusi na kaskazi, ambacho hakina uhusiano wowote na jani kuanguka.

Tena kuna jambo la rangi. Kiswahili kimezipata rangi nyingi kutokana na vitu tuvionavyo: chungwa limetupa rangi yake, zambarau vivyo hivyo, kahawa ikatupa kahawia, jivu likatupa kijivu. Na jani? Jani limetupa kijani. Mtoto anayeambiwa alipake jani rangi ya chungwa hana budi kwanza kubishana na lugha yake mwenyewe. Hilo si kosa, kwani kubishana na lugha ni elimu pia, mradi pawepo mtu wa kumweleza. Katika karatasi ile hapakuwepo maelezo.

Msomaji asinielewe vibaya. Sina ugomvi na jani lile. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu katika mji wa Bloomington, jimbo la Indiana, Marekani, niliishi katika nyumba za wanafunzi wenye familia, na jirani yangu alikuwa mama mwenye mtoto wa miaka minne. Kila Oktoba wawili hao walitoka nje na mfuko wa karatasi wakaokota majani. Mengine waliyatia katikati ya kurasa za kamusi nene (yangu, kwa kuwa walikuwa wameizoea) yakagandamizwa kwa juma zima hadi yakakauka yakiwa bapa. Mengine waliyalaza chini ya karatasi nyembamba, upande wenye mishipa ukitazama juu, kisha mtoto akasugua juu yake kalamu ya rangi iliyolazwa ubavu, na mishipa yote ikajitokeza mmoja baada ya mwingine. Mwisho wa mwezi ulipokaribia walikata vipande vyembamba vya karatasi ya rangi ya chungwa, wakavipanga mfano wa miale ya jua, wakavibandika katikati, wakazikunja ncha juu na kuziunganisha, likapatikana boga. Popo walikatwa kwa karatasi nyeusi wakaning'inizwa dirishani.

Kilichonishika mimi hakikuwa boga wala popo. Kilikuwa mazungumzo. Jani moja liliweza kuzungumziwa kwa robo saa nzima: hili limetobolewa na nani, hili linakwaruza, lipi pana zaidi, kwa nini hili lina rangi mbili. Mtoto alijibu, akakosea, akauliza tena. Lev Vygotsky na baada yake Jerome Bruner waliandika mengi juu ya namna mtoto anavyojifunza kwa kusaidiwa na mkubwa, wote wawili wakikitazama na kukishughulikia kitu kimoja. Mimi nilikisoma kitu hicho maktabani mchana, na jioni nikakiona ukumbini kwa jirani. Kazi ilipokwisha, mama aligeuza karatasi akaandika nyuma yake tarehe na maneno aliyoyasema mtoto, kama alivyoyasema, makosa yakiwemo. Kisha akaiweka katika kasha la viatu. Alinionyesha kasha jingine kuukuu, alilotunziwa na mama yake mzazi, lenye majani aliyoyabandika yeye alipokuwa na umri kama wa mwanawe.

Basi ule ufundi wa karatasi ulikuwa na maana pale kwa sababu jani lilikuwa mlangoni. Siku zinapofupika katika nchi zile, mti huacha kutengeneza ile chembechembe ya kijani inayonasa mwanga, na rangi ya manjano iliyokuwa imefichwa chini yake huonekana. Wekundu hutengenezwa na jani lenyewe katika siku zake za mwisho. Nairobi haifiki hata nyuzi mbili kusini ya Ikweta. Mchana wetu wa Oktoba na mchana wetu wa Juni karibu ni sawa, na mwembe wa jirani hauna habari ya kuaga majani yake yote kwa pamoja.

Hata boga lenyewe lina kisa kinachofaa kusimuliwa katika vyuo vya ualimu. Sikukuu ya Halloween huadhimishwa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, na mizizi yake inafika hadi kwenye sherehe za kale za Wakelti. Waayalandi walichonga taa zao katika tanipu, yaani kiazi cha mviringo kilichopatikana mashambani mwao. Njaa kuu ya miaka ya 1840 ilipowatawanya na wengi wao kuvuka bahari hadi Marekani, walikuta huko boga, mmea wa asili wa bara la Amerika, kubwa na rahisi kuchongwa. Wakaliacha tanipu wakachukua boga. Kwa hiyo huyo boga tunayemnakili kwa uaminifu mkubwa ni ushahidi wa watu waliokataa kunakili: walitumia kilichokuwa bustanini mwao. (Wako watakaosema kuwa sikukuu yenyewe ni ya mashetani. Huo ni mjadala wa mimbari, nami nawaachia wenye mimbari.)

Sasa nirudi nyumbani nikiri kosa langu. Baada ya jani, ilikuja barua kwamba kila mtoto alete boga la karatasi lililotengenezwa "pamoja na mzazi". Nilifika nyumbani saa mbili usiku nikiwa na marundo ya karatasi za mtihani za kusahihisha. Nilikumbuka boga la Bloomington. Nikalitengeneza kwa ustadi, vipande vikiwa na upana uliopimwa kwa rula, na kikonyo cha kijani juu yake. Binti yangu alisimama kando ameshika gundi. Alinyoosha mkono mara mbili, na mara zote mbili nikamwambia angoje kidogo. Boga lilipata nyota, likawekwa juu ya meza ya mbele. Siku ya wazazi mwalimu alimwomba mtoto awaonyeshe wageni kazi yake. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kinyongo, "Hilo ni la Baba."

Nilimpigia simu nyanya yake nikitarajia tucheke pamoja. Hakucheka. Kwanza alitaka kujua boga la kweli hufanywaje huko Marekani, nami nikamweleza kuwa hukatwa kifuniko, likakombwa ndani, likatobolewa macho na meno, likawashiwa mshumaa, na baada ya siku chache aghalabu hutupwa. Kukawa kimya. "Zima?" akauliza. Kwake malenge, kama tulivyozoea kuyaita huku bara, ni chakula cha watoto, mbegu zake hukaangwa na majani yake ni mboga. Ndipo akaniuliza swali ambalo karatasi ya shule haikuniuliza: "Huyo mtoto amewahi kuona ua la malenge?" Alikuwa hajaliona.

Jumamosi iliyofuata tulitoka, mimi na binti yangu, bila mpango wowote wa maana. Msomaji anayeujua mji wa Nairobi anajua kwamba Oktoba yake ina rangi, na rangi hiyo ni zambarau. Mijakaranda huchanua, maua yake yakaanguka yakatandaza zulia barabarani, na magari yakalikanyaga. (Najua kuwa mjakaranda nao ni mgeni kutoka Amerika Kusini, lakini huyu amekuja mwenyewe, ametia mizizi, na mtoto anaweza kumgusa.) Tuliokota maua, tukaokota majani ya mwembe na ya mpera. Gundi iliyokuwa nyumbani ilikuwa imekauka, tukapika uji mzito wa unga wa ngano, ambao nusu yake uliishia mezani. Maua ya jakaranda tuliyoyabandika yaligeuka kahawia usiku ule ule. Jani la mpera, lenye mishipa iliyotuna, lilitoka vizuri sana chini ya kalamu ya rangi, kuliko hata yale ya Indiana.

Lakini hesabu niliyoifanya mimi ilikuwa ya maneno. Katika muda wa saa moja mtoto alihitaji kikonyo, mshipa, ukingo na ncha. Alihitaji kunyauka, kwa kuwa ua lilikuwa linanyauka mkononi mwake. Alihitaji kupukutika, neno ambalo nilikuwa nimeshindwa kumweleza kwa jani la Kanada, naye alilipata alipotikisa tawi. Yale ambayo sikuyajua kwa lugha yetu ya nyumbani tulimuuliza nyanya kwa simu, akatupatia mawili ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau. Muhula huo huo niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, walimu watarajiwa, wanitajie sehemu za jani kwa Kiswahili au kwa lugha zao za mama. Kwa Kiingereza walizitaja upesi. Kwa lugha nyingine zote walitazamana. Sikuwacheka, maana siku chache tu kabla ya hapo mimi nilikuwa nimeita mapukutiko vuli.

Walimu wa chekechea wasidhani kuwa nawanyoshea kidole. Mwalimu mwenye watoto arobaini, asiye na manila ya kutosha wala makasi yanayokata, akipata katika intaneti picha iliyo tayari kuchapishwa, ataichapisha. Wenye lawama ni sisi tunaofundisha walimu na tunaoandika vitabu, tusiomwekea picha ya jani la muhogo mahali anapoweza kulipata kwa urahisi huo huo. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 tumekuwa tukiambiwa kuwa mtoto aanze kufundishwa kwa lugha inayozungumzwa mahali alipo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3, unampa mwalimu nafasi ya shughuli za mazingira na za ubunifu. Nafasi ipo. Tunaijaza kwa mazingira ya watu wengine.

Wala kazi ya karatasi si mchezo wa kupotezea wakati, kama wanavyodai wazazi wanaotaka watoto wa miaka mitano waandike imla. Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg, Ujerumani, mwaka wa 1837, alifanya kukunja, kukata na kusuka karatasi kuwa sehemu ya mafunzo yenyewe. Kusuka karatasi! Mwalimu wa Kwale au Lamu anayewafundisha watoto kupitisha kipande juu ya kingine anaweza kumwalika darasani bibi anayesuka ukili wa mkeka, naye wa Machakos akamwalika msusi wa kiondo. Mtoto ataona kuwa karatasi yake ina ndugu zake wakubwa. Na upepo unapovuma, kuna tiara, au kishada kwa jina jingine, ambacho ni ufundi wa karatasi na vijiti uliopendwa na watoto wa pwani kabla hatujamsikia popo wa karatasi nyeusi.

Wengine wataniambia kuwa mtoto wa leo hana budi kuujua ulimwengu. Naam, na aujue. Afundishwe mapukutiko katika somo la jiografia, aambiwe kwa nini mchana hufupika, na akitaka apake jani la Kanada rangi zote tatu akijua anachora nini na cha wapi. Huyo amepanuka. Yule aliyepewa jani hilo akiwa na miaka mitano, asiambiwe ni la wapi, huku la mpera likimwangukia kichwani asiloweza kulitaja, huyo hatujampanua.

Karatasi ya Jumamosi ile imo katika kasha la viatu kabatini. Imejikunja pembeni, ina madoa ya uji wa ngano, na pale palipokuwa na ua pamebaki alama ya kahawia. Nyuma yake niliandika tarehe na maneno ya mwenyewe alipoliona ua asubuhi: "Baba, ua limezeeka usiku." Mwaka huu yuko Gredi ya 1, na barua ya Oktoba imekwisha kufika: tununue karatasi ya rangi ya chungwa. Nimemwandikia mwalimu wake, kwa heshima zote, kumuuliza kama ya zambarau itakubalika.